Muhuri, Bendera na Mafini: Nani Huamua Nembo za Minnesota?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, kwetu Tanga, sasa naishi Brooklyn Park, Minnesota. Kijana wangu wa darasa la tatu ameleta kazi ya shule: ataje nembo tano za jimbo na kueleza zilikotoka. Kuangalia orodha nimekuta ndege, ua, samaki, uyoga, mpaka keki! Nyumbani sisi tulijua bendera, Mwenge, na bibi na bwana wa kwenye ngao, basi. Halafu jirani yetu anapeperusha bendera ya buluu yenye duara katikati, wakati ofisi ya jiji inapeperusha nyingine yenye nyota. Nilipomuuliza akaniambia ile mpya ni ya Wasomali. Nani huamua mambo haya? Ni sheria au ni michezo ya watoto? Na nitaulizwa kwenye mtihani wa uraia?"

Jibu:

Marahaba, dada yangu. Nianze na la mtihani, maana naona ndilo linalokusumbua zaidi. Hutaulizwa ndege wala uyoga. Mtihani wa uraia unahusu serikali na historia ya Marekani nzima. Kuhusu jimbo lako wanaweza kukuuliza mji mkuu, nao ni St. Paul, si Minneapolis kama wengi wanavyodhani, na jina la gavana aliyepo siku hiyo. Kuhusu bendera wataulizia ya taifa: kwa nini ina mistari 13 na nyota 50. Hapo weka moyo wako sawa.

Sasa tuje kwenye kazi ya kijana. Vitu vyote hivyo, kuanzia muhuri hadi keki, ni sheria kweli. Vimeandikwa katika sura ya kwanza kabisa ya sheria za Minnesota, kila kimoja na kifungu chake. Mswada hupelekwa bungeni, hupigiwa kura katika Baraza la Wawakilishi na Seneti, kisha gavana hutia saini. Uyoga ulipita mlango huohuo inakopita kodi. Lakini uzito wake haulingani. Muhuri una nguvu kisheria. Keki haina nguvu yoyote. Mimi nembo yoyote nikiletewa nauliza kwanza: ni nani aliyeiomba, na ni nani hakuwepo ilipokuwa ikiamuliwa? Mfundishe mwanao swali hilo, atakwenda nalo mbali kuliko orodha ya kukariri.

Tuanze na muhuri, kwa sababu ugomvi wote wa bendera umetoka humo.

Muhuri mkuu wa jimbo hutunzwa na Katibu wa Jimbo. Siku ukitaka cheti cha kuzaliwa cha mwanao kithibitishwe kwa matumizi ya nje ya Marekani, ofisi hiyo huko St. Paul ndiyo itakayokupa hati yenye muhuri huo. Bila muhuri ni karatasi tu, kama vile kwetu barua ya serikali isiyo na bibi na bwana. Na usihofu: hati iliyogongwa muhuri wa zamani haibatiliki kwa sababu muhuri umebadilika.

Muhuri wa zamani ndio ule ulio katikati ya bendera ya jirani yako. Siku moja akikuruhusu, sogea uutazame kwa karibu. Mbele utamwona mkulima wa Kizungu, pekupeku, analima kwa plau. Pembeni yake kuna kisiki cha mti, na juu ya kisiki zimeegemezwa bunduki, shoka na pembe ya kuwekea baruti. Nyuma yake Mhindi Mwekundu, kama tulivyozoea kuwaita wenyeji wa asili wa kule, anaondoka juu ya farasi akiwa na mkuki. Picha hiyo ilizaliwa mwaka 1849, Minnesota ilipokuwa bado eneo tu chini ya serikali kuu, haijawa jimbo, na mwanajeshi mchoraji aliyeitwa Seth Eastman ndiye aliyechora msingi wake. Mkewe, Mary Eastman, aliitungia shairi linalomwambia yule mpanda farasi apishe, kwa kuwa nchi sasa imedaiwa na mzungu. Kwa hiyo maana haikufichwa. Mmoja analima, mwenzake anaondoka, na bunduki iko jirani.

Na wakaondoka kweli, tena kwa damu. Mwaka 1862, baada ya malipo waliyoahidiwa kwenye mikataba kuchelewa na njaa kuwabana, Wadakota, kabila la wenyeji wa asili wa huko, waliingia vitani. Walishindwa. Tarehe 26 Desemba 1862, mjini Mankato, wanaume 38 wa Kidakota walinyongwa kwa wakati mmoja hadharani. Hakuna siku nyingine katika historia ya Marekani ambapo watu wengi hivyo walinyongwa pamoja kwa amri ya serikali. Mwaka uliofuata Wadakota wakafukuzwa jimboni. Tafakari basi mjukuu wa watu hao anavyopokea cheti, kila mara, chenye picha ya babu yake akitimuliwa. Mwaka 1983 bunge lilijaribu kulainisha mambo: sheria ikasema mpanda farasi anaelekea kusini, si magharibi tena, na kwamba anawakilisha urithi wa wenyeji. Farasi aligeuzwa, lakini plau na bunduki vikabaki palepale. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa jibu la mtu aliyesikia kilio bila kuelewa kinacholiliwa.

Bendera ilifuata muhuri tu. Ya kwanza ilibuniwa mwaka 1893 na Amelia Hyde Center kwa ajili ya maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Chicago. Ilikuwa na upande mweupe na upande wa buluu. Mwaka 1957 ikarahisishwa ikawa buluu pande zote, huku muhuri, maua, tarakimu za miaka mitatu na nyota 19 vikibanana ndani ya duara moja. Nyota zilikuwa 19 kwa sababu Minnesota, jimbo la 32, ilikuwa ya 19 kuingia baada ya yale 13 ya mwanzo. Ni hesabu nzuri, lakini bendera si karatasi ya hesabu. Ikiwa juu ya mlingoti upepo unavuma, unaona doa tu kwenye shuka la buluu, na zaidi ya majimbo 20 ya Marekani yalikuwa na shuka la namna hiyohiyo. Mwaka 2001 chama cha wapenzi wa bendera cha Amerika Kaskazini kiliendesha kura ya kupima ubora wa bendera 72, na Minnesota ikashika nafasi ya 67.

Mwaka 2023 bunge likaunda tume ya watu 13 wenye kura, na safari hii Wadakota na Waojibwe, kabila jingine la wenyeji, walikuwa ndani ya chumba. Wananchi walialikwa kuleta michoro, ikaja zaidi ya 2,000 ya bendera peke yake, mingine ya watoto wa shule. Tume ikachagua mchoro wa Andrew Prekker wa mji wa Luverne, ikaupunguza na kuurekebisha, na tarehe 19 Desemba 2023 ikaupitisha. Bendera mpya na muhuri mpya vilianza kutumika rasmi tarehe 11 Mei 2024, siku ileile ambayo mwaka 1858 Minnesota ilifanywa jimbo.

Hebu tuitazame hiyo bendera mpya. Upande wa mlingoti kuna umbo la buluu iliyokoza lililokatwa kufuata sura ya jimbo kwenye ramani. Sehemu iliyobaki ni samawati tupu, rangi ya maji, kwenye jimbo ambalo lenyewe hujiita nchi ya maziwa 10,000. Ndani ya ile buluu iliyokoza kuna nyota moja nyeupe yenye ncha nane. Hakuna zaidi. Hata kijana wako anaweza kuichora kwa rangi mbili na rula, na kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha kwanza cha bendera.

Sasa maneno ya jirani. Hakuyabuni yeye, yalisambaa sana wakati ule. Mchoro wa awali wa Prekker ulikuwa na mistari mitatu, mweupe, kijani na samawati, na watu wakasema unafanana na bendera ya Puntland, eneo la kaskazini mashariki ya Somalia, ambayo nayo ina rangi hizo na nyota nyeupe. Kwa kuwa Wasomali ni wengi Minnesota kuliko jimbo jingine lolote la Marekani, uvumi ulipata pa kushika. Tume iliiondoa mistari hiyo. Sasa weka bendera mbili mezani, ya Minnesota na ya Somalia, kisha mwite mwanao ahesabu ncha za nyota. Ya Somalia, iliyobuniwa na Mohammed Awale Liban mwaka 1954, ina ncha tano, nazo ni maeneo matano wanakokaa Wasomali katika Pembe ya Afrika, mojawapo likiwa kaskazini mashariki ya Kenya. Ya Minnesota ina ncha nane, na ukitaka kuiona asili yake nenda Jengo la Bunge huko St. Paul, lililofunguliwa mwaka 1905: kwenye sakafu chini ya kuba pametandazwa nyota ya shaba na vioo yenye ncha nane. Ilikuwepo miongo mingi kabla familia ya kwanza ya Kisomali haijatua uwanja wa ndege wa Minneapolis. Jirani yako ana haki ya kutopenda bendera, na ana haki ya kupeperusha ile ya zamani uani kwake. Hakuna sheria inayomzuia. Zipo hata kaunti zilizopitisha maazimio ya kuipinga mpya. Lakini kuiita ya Wasomali ni kosa, na mtoto wako anapaswa kujua kwamba ni kosa kabla hajalisikia shuleni.

Nyota hiyo ni nyota ya kaskazini, na hapa niruhusu nikae kidogo, maana wewe ni mtu wa pwani. Kaulimbiu ya jimbo, tangu mwaka 1861, ni maneno ya Kifaransa: L'Étoile du Nord, Nyota ya Kaskazini. Gavana wa kwanza, Henry Sibley, ndiye aliyeipenda, na Kifaransa kilikuwa lugha ya wafanyabiashara wa manyoya waliotangulia huko. (Kaulimbiu ya kabla ya hapo ilikuwa ya Kilatini, ikachongwa na makosa ya tahajia hata isieleweke.) Sasa nyota hiyo wazee wetu wa majahazi waliijua kabla ya Minnesota kuwa na jina kwenye ramani. Waliiita jaa, na kwa hiyo jaa likawa ndilo jina la kaskazini kwa mabaharia, kama suheli lilivyokuwa la kusini. Ukiwa Tanga huioni, iko chini ya upeo wa macho. Nahodha aliyeelekea Maskati ndiye aliyeiona ikichomoza majini na kupanda kidogokidogo kadiri alivyosonga kaskazini, na kwa kimo chake alijua amefika wapi. Hapo ulipo, Brooklyn Park, iko katikati ya anga, nusu ya njia kati ya upeo na utosi. Usiku mmoja usio na mawingu mtoe mwanao nje umwonyeshe. Hiyo iandikwe ya kwanza kwenye kazi yake.

Muhuri mpya una ndege aitwaye luni, mwenye jicho jekundu, akielea kando ya mabua ya mpunga mwitu, na nyota juu yake. Chini yameandikwa maneno ya Kidakota, Mni Sóta Makoce, nchi ambayo maji yake huakisi anga. Neno Minnesota lenyewe ni hilo. Wale waliofukuzwa ndio waliolipa jimbo jina, na imechukua zaidi ya miaka 160 kulirudisha jina katika tahajia yao kwenye muhuri. Nakiri nilifurahi sana nilipoona hivyo.

Luni amekuwa ndege wa jimbo tangu 1961. Ni mkubwa kama bata bukini, mgongo mweusi wenye madoa meupe kama ubao wa drafti, na jicho lake huwa jekundu majira ya kuzaliana. Ndege wengi wana mifupa yenye uwazi ndani ili wawe wepesi. Mifupa yake mingi imejaa, ndiyo maana anazama kama jiwe kufuata samaki. Miguu yake iko nyuma sana hivi kwamba nchi kavu anajikokota kwa kifua. Vifaranga hubebwa mgongoni. Na sauti yake! Usiku ziwani anatoa mlio mrefu wa kuita, kama mtu anayelia kwa mbali, mwenzake anajibu kutoka ziwa la pili. Ukiusikia mara moja hutauliza tena kwa nini walimchagua.

Mpunga mwitu ni nafaka ya jimbo tangu 1977, na hapa ndipo ningependa mwanao atumie nusu ya ukurasa wake. Si ndugu wa karibu wa mpunga tunaolima sisi. Ni nyasi inayoota yenyewe ndani ya maziwa yenye kina kifupi, Waojibwe huiita manoomin. Simulizi lao linasema mababu waliambiwa watembee kuelekea magharibi mpaka wafike mahali ambapo chakula kinaota juu ya maji, nao wakakuta ni huko. Huvunwa mwishoni mwa Agosti na Septemba, watu wawili kwenye mtumbwi mmoja. Mmoja husimama akisukuma kwa upondo mrefu, kama mvuvi wetu kwenye maji machache. Mwingine huketi na fimbo mbili nyepesi: kwa moja anayainamisha mabua juu ya mtumbwi, kwa nyingine anayapiga taratibu, na punje zilizoiva huanguka ndani. Zinazoangukia majini ndizo mbegu ya mwaka kesho. Sheria ya jimbo inazipima fimbo zenyewe, zisizidi inchi 30 wala ratili moja, ili mmea usivunjwe. Kisha nafaka hukaushwa, hukaangwa, hukanyagwa kwa miguu kuondoa maganda na kupepetwa kwenye chombo cha magome ya mti. Mama yeyote wa Tanga aliyeshika ungo angeielewa kazi hiyo bila kutafsiriwa.

Ila kuitwa nafaka ya jimbo hakukuupa mpunga ulinzi wenyewe. Kinachoulinda ni kanuni ya mazingira ya mwaka 1973, inayoweka kikomo cha miligramu 10 za salfeti kwa lita katika maji unakoota, na kanuni hiyo imezua mvutano wa miaka na miaka kati ya Waojibwe na wenye migodi. Nembo inaweza kupendwa na watu wote huku maji yake yakichafuliwa.

Hizo nyingine nitazipita haraka. Ua la jimbo ni okidi ya pinki na nyeupe yenye umbo la kiatu. Mwaka 1893 lilitajwa ua ambalo baadaye iligundulika haliko Minnesota kabisa. Kosa likasahihishwa mwaka 1902. Hili la sasa linaweza kuchukua hadi miaka 16 kabla ya kuchanua mara ya kwanza, na tangu 1925 kulichuma ni kosa, kwa hiyo mwambie mwanao alipige picha tu. Mti ni msonobari mwekundu, 1953. Samaki ni walleye, 1965, yule ambaye macho yake hung'aa gizani. Maziwa ndicho kinywaji rasmi na uyoga wa moreli ndio uyoga rasmi, vyote vya 1984, na Minnesota ilikuwa jimbo la kwanza kuwa na uyoga wake. Nyuki mnene mwenye doa la kutu mgongoni alichaguliwa mwaka 2019, miaka miwili baada ya kutangazwa kuwa hatarini kutoweka.

Na keki? Ni mafini ya matunda ya bluberi, 1988, na iliombwa na darasa la tatu la mji wa Carlton, watoto wa umri uleule wa mwanao. Tofaa la Honeycrisp, lililozalishwa na Chuo Kikuu cha Minnesota, liliingia mwaka 2006 kwa ombi la wanafunzi wa darasa la nne wa Bayport. Uliuliza kama ni michezo ya watoto. Ni kazi ya watoto, na mimi siidharau hata kidogo. Mtoto aliyeandika barua kwa mbunge, akasimama mbele ya kamati akaeleza kwa nini bluberi, kisha akaona gavana anatia saini, amejifunza jinsi sheria inavyotungwa kuliko tulivyojifunza sisi kwa miaka saba ya kunakili ubaoni. Hakuna kinachomzuia mwanao kufanya hivyo pia. Hahitaji uraia wako, na wewe huhitaji kusubiri mtihani ndipo umwandikie mbunge wa eneo lako.

Ya tano mpe jiwe. Jiwe la jimbo tangu 1969 ni akiki ya Ziwa Superior. Ndiyo, akiki ileile uliyoiona kwenye pete za wazee wa Kiarabu mitaani Tanga, ila hii ni nyekundu ya kutu, yenye mistari myembamba mmoja ndani ya mwingine, na wekundu huo ni wa chuma. Barafu kubwa ya kale iliyazoa mawe hayo ikayatawanya kusini, ndiyo maana hupatikana hata kwenye kokoto za barabarani na mashimo ya mchanga. Mkipata nafasi kiangazi, nendeni ufukweni mwa ziwa upande wa Duluth asubuhi baada ya mawimbi makubwa, jua likiwa bado chini. Tembeeni mkilielekea jua, maana akiki ikilowa hupitisha mwanga na mtaiona inawaka kati ya mawe meusi. Ndani ya hifadhi za jimbo hairuhusiwi kuokota, kwa hiyo angalieni kwanza mko wapi.